Kafi Fupi la Faridah

Katika kijiji chetu mtoto haingii shule kwa sababu ametimiza miaka. Anaingia kwa sababu amevuka maji.

Shule iko ng'ambo. Katikati kuna mkono wa Lualaba, si mto wenyewe. Wakati wa kiangazi maji yake yanamfika mtu mzima kifuani na yanatembea polepole kama mtu aliyeshiba. Mvua zikianza yanapanda, na hapo huwezi tena kuyafanyia mchezo. Watoto wote wanavuka asubuhi katika mtumbwi mmoja mkubwa, na mimi Lukumani ndiye ninayewavusha. Zamani walikaa ndani kama magunia, mimi nikipiga kafi peke yangu. Siku moja homa ilinishika tukiwa katikati, nikaanguka humo ndani nikitetemeka, na mtumbwi uliojaa watoto ukateremka na maji mpaka ukakwama kwenye matete. Hakuna aliyeumia. Lakini jioni ile komite ya wazazi ilikaa, ikatoa sheria: katika mtumbwi wa shule hakuna magunia tena. Kila mtoto na kafi lake. Na kabla ya kuanza darasa la kwanza, mtoto avuke peke yake katika mtumbwi mdogo, mimi nikimfuata nyuma, wazazi wakiangalia. Asiyeweza anangoja mwaka mwingine.

Sheria nzuri. Mimi mwenyewe niliipigia makofi. Sikujua kwamba itamkamata mtoto wa ndugu yangu.

Ndugu yangu mdogo, Nourdine, anachimba dhahabu upande wa Lusangi na anarudi sikukuu tu. Mke wake, Mounira, ni binti wa Haji Abedi, muuza vitambaa wa Kasongo mjini. Mtoto wao Faridah alilelewa mjini na huyo babu, akasoma madrasa huko, na mama yake akabaki hapa akiuliza kila pikipiki iliyopita kama kuna habari. Aliporudishwa, Faridah alikuwa anajua sura ndefu kwa moyo, na alisalimia watu vizuri kuliko watu wazima wetu. Lakini maji alikuwa ameyaona katika ndoo tu. Mwaka jana, siku ya kuvuka, alisimama katika mtumbwi, akaanguka kabla mtumbwi haujaondoka, akakataa kurudi ndani. Basi akangoja. Mwaka huu ana miaka saba, na Haji alituma neno: shule ikianza na Faridah hana darasa, atatuma pikipiki imchukue, na safari hii hatamrudisha mpaka amalize shule ya msingi.

Mounira alikuja kwangu mwanzo wa likizo, sahani ya ndazi mkononi. Aliiweka mbele yangu kabla hata ya kukaa.

"Shemeji, kula."

"Ukinipa ndazi asubuhi hivi, kuna kitu."

"Kiko. Umufundishe Faridah."

"Nafundisha wote. Aje na wenzake."

"Wenzake unawafundisha kwa kelele. Huyu umufundishe vizuri."

"Mimi sina vizuri, mama Faridah. Niko na kelele tu."

Alicheka kidogo, kisha akawa anavuta uzi kwenye pindo la kitenge chake.

"Shemeji, meno yake ya kwanza yaling'oka kule Kasongo. Sijui ni nani aliyatupa juu ya nyumba. Hayo mengine nataka niyatupe mimi."

Nilikula ndazi. Nikamwambia amlete kesho.

Mwaka huu walikuwa watatu. Kulikuwa na Faridah. Kulikuwa na Djafari, mtoto wa Yakubu mwenye duka, ambaye ndiye pia mkubwa wa komite. Na kulikuwa na Sarah-Grâce, binti wa katekista aliyehamia hapa kutoka Wamaza. Niliwachongea makafi mafupi ya mti mwepesi, nikawasimamisha katika mtumbwi mzee niliouvuta juu ya mchanga.

Lazima niseme jambo moja. Sisi Wagenya, watu wa mto, tunapiga kafi tumesimama. Mtoto wetu anasimama katika mtumbwi kama mtoto wa wengine anavyosimama mlangoni kwao. Wanaokaa ni abiria, wagonjwa na bibi harusi. Kwa hiyo sikufikiri hata kidogo kuwafundisha namna nyingine.

"Magoti!" nikapiga kelele. "Legezeni magoti! Wewe Djafari, unasimama kama polisi wa barabara."

"Papa Lukumani, mimi najua tayari."

"Unajua nini?"

"Kila kitu."

"Bon. Mbele ya mtumbwi iko wapi?"

Djafari akaangalia huku na huku. Mtumbwi ule ulikuwa umeoza sawasawa pande zote mbili.

"Mbele iko pale tunakwenda," alisema.

Nikarudi kwenye magoti.

Siku chache baadaye nikawaingiza majini, mahali ambapo maji hayapiti kiuno changu. Djafari alianguka, akasema ameruka. Alianguka tena, akasema samaki amemvuta. Lakini mwili wake ulikuwa unajifunza huku mdomo unaongea, na baada ya siku kadhaa alikuwa anasimama. Sarah-Grâce alikuwa na miguu mizuri tangu mwanzo. Taabu yake ilikuwa kwaya. Kila akipiga kafi aliimba, na wimbo ulipofika kwenye kiitikio aliachilia kafi ili apige makofi. Kafi liliteremka na maji, mimi nikaogelea kulifuata.

"Sarah-Grâce! Mikono ni ya kafi!"

"Papa, lakini hapa lazima makofi."

"Mungu atakusamehe, piga kichwani."

"Kwa kichwa namna gani?"

Faridah hakuwa kama hao. Hakubisha hata mara moja. Alifanya kila nilichosema, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake. Nikisema legeza magoti, alifikiri magoti tu na kafi likamponyoka. Nikisema shika kafi, alikaza mikono, akakaza shingo, akakaza magoti, akaenda majini mzima kama mlango uliong'oka. Kila akitoka alifuta uso kwa viganja viwili, akanitazama.

"Samahani, baba mukubwa."

"Usiniombe mimi. Ni maji yamekunywesha, omba maji."

Akayageukia maji. "Samahani," akayaambia.

Djafari alicheka mpaka akaanguka na yeye.

Kitu kimoja Faridah alikijua upesi kuliko wenzake: kuogelea. Mtu anayeanguka mara nyingi hivyo hana njia nyingine.

Kiangazi kikaenda. Djafari na Sarah-Grâce wakawa wanavuka mkono wote na kurudi, wakigombana njiani. Faridah akawa bado anaanguka karibu na ukingo. Ndipo Djafari alipoanza kumwita gunia.

"Gunia limeanguka! Papa Lukumani, okota gunia!"

Nilitaka kumvuta sikio, lakini Faridah alinitangulia. Alikuwa majini mpaka shingoni, nywele zimemganda usoni.

"Mimi ni gunia ya muchele," alisema. "Watu wananibeba na mikono mbili. Wewe ni gunia ya pumba. Kuku hata hawakuangalii."

Sarah-Grâce aliimba jibu hilo siku nzima. Hata hivyo niliona Faridah hakutoka majini mpaka Djafari alipokwenda kwao.

Nilipopita kwao jioni ile nilimkuta Mounira anafua nguo zote za mtoto, hata zilizo safi. Haji alikuwa amepiga simu. Alikwisha kumpata mtu wa pikipiki, kijana anaitwa Roger, naye angefika siku yenyewe ya kuanza shule, asubuhi.

"Haji anaharakisha," nilisema.

"Anampenda mutoto," Mounira alijibu. "Hiyo ndiyo inaniua, shemeji. Angekuwa mubaya ningemukatalia."

Nilimwambia ningejaribu kitu kingine, ingawa kitu chenyewe sikuwa nacho.

Kesho yake nikawaweka wote watatu katika mtumbwi wa kati. Nilitaka wazoee kupiga kafi pamoja, maana katika mtumbwi wa shule kila mmoja akipiga kwa saa yake, mtumbwi unazunguka kama mbwa anayetafuta mkia. Djafari na Sarah-Grâce nikawasimamisha mbele na katikati. Mimi nikasimama nyuma. Faridah, kwa sababu angetuangusha, nikampa kopo akae akumbe maji. Alikaa ubavu, mgongo kwenye ukingo mmoja wa mtumbwi na miguu kwenye ukingo mwingine.

"Pigeni pamoja!" nikasema. "Tafuteni kitu cha kusema, kila mtu akifuate."

Djafari akaanza kutangaza mpira. Mpira wake haukuwa na mapigo yoyote, ulikuwa kelele na magoli. Sarah-Grâce akaanzisha wimbo wa kanisa. Djafari akasema hawezi kupiga kafi na wimbo wa kikatoliki. Sarah-Grâce akasema basi apige na mdomo wake, maana ndio mrefu. Mtumbwi ukageuka, tukawa tunaangalia tulikotoka.

"Baba mukubwa," Faridah aliuliza taratibu, "nisome?"

"Soma chochote. Soma hata bei ya chumvi."

Akasoma sura. Jamani, mtoto yule ana sauti. Ilikuwa nyembamba lakini ilikwenda sawasawa, kama mtu anayetwanga peke yake asubuhi. Wale wawili wakanyamaza. Makafi yakaanza kuingia pamoja na kutoka pamoja. Nikasema moyoni, leo nimepata.

Kisha mtumbwi ukaanza kulala. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto.

"Nani anatikisa?"

Alikuwa Faridah. Alikuwa akisoma huku mwili wake ukienda na kurudi, kwenda na kurudi, vile watoto wa madrasa wanavyofanya wakiwa wamekaa kwenye mkeka.

"Acha kutikisa, mama!"

Akaacha. Na sauti ikakatika papo hapo, kama bomba lililofungwa.

"Siwezi kusoma bila hivi," alisema. "Kwa maalim hakuna mutu anaweza."

"Basi soma na utikisike kidogo sana."

Akaanza tena. Kidogo sana haikudumu. Na jambo la pili nililoliona lilinitia hofu zaidi: Djafari, ambaye anasoma kwenye msikiti wetu kila alasiri, alikuwa naye anakwenda na kurudi, kafi mkononi, macho ameyafumba. Nikataka kumpigia kelele. Hapo nikahisi mgongo wangu mwenyewe. Mungu anisamehe, na mimi nilikuwa nimeanza. Tangu nikiwa mdogo kama wao sikuwa nimefanya vile, lakini mgongo haukuwa umesahau.

Aliyesimama wima ni Sarah-Grâce peke yake, ameshika kafi kwa mikono miwili, anatutazama mmoja mmoja.

"Lakini nyinyi Waislamu," alisema, "munatuua!"

Mtumbwi ukapinduka.

Maji yalikuwa ya kiuno. Tulitoka mmoja mmoja, tukitema. Djafari alisema hakuogopa. Kopo lilikuwa limekwenda, makafi yamekwenda, kofia yangu imekwenda. Kwenye ukingo wanawake wawili waliokuwa wanachota maji waliweka ndoo chini ili wacheke vizuri. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo nianze kufoka, na ningefoka sana, lakini niliona Faridah amesimama majini na bado anaendelea. Aya haikuwa imeisha. Midomo inakwenda, mwili unakwenda: mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Bila kuchoka, bila kufikiri. Mikono yake, magoti yake, shingo yake, vyote vilikuwa vimelegea.



Mwendo ule naujua. Ndio mwendo wa kafi. Unainama mbele kulitia majini, unarudi nyuma kulivuta. Shida haikuwa kutikisika kwake. Shida ni kwamba nilimkalisha ubavu. Kila akiinama, alikuwa anausukuma mtumbwi ulale. Angegeuka tu, uso ukaangalia tunakokwenda, kile kilichotupindua kingetusukuma.

"Faridah. Njoo."

Nikaunyanyua mtumbwi mdogo uliokuwa pale, nikaumimina maji, nikamkalisha chini kabisa katikati, miguu mbele, uso mbele. Sarah-Grâce alikuwa amekwisha kuyafuata makafi, akaleta moja.

"Soma."

"Na kafi?"

"Lishike tu. Ukiinama, litie. Ukirudi, lirudi na wewe. Usinifikirie mimi."

Akasoma. Mtumbwi ukaanza kuzunguka, maana alikuwa anapiga upande mmoja tu. Nilitaka kusema neno, lakini aya ikaisha, na kwenye pumzi ile aliyoivuta alipeleka kafi upande wa pili kama mtu anayegeuza ukurasa. Mtumbwi ukanyooka. Aya nyingine, upande mwingine. Mtumbwi ukaondoka. Niliufuata nikitembea, kisha nikiogelea, kisha ikabidi nipige kelele Djafari akimbie ukingoni akauzuie.

"Gunia linakwenda!" Djafari alipiga kelele, lakini safari hii hakuwa anacheka. Alikuwa anashangaa.

Sasa ningewaambia kwamba nilifurahi, na nilifurahi, lakini usingizi ulinikataa kidogo siku ile kwa sababu ya kukaa kule. Mtoto wa Nourdine, mtoto wa ukoo wetu, kukaa katika mtumbwi kama bibi harusi! Baba yangu alipiga kafi amesimama hata alipokuwa hasikii wala haoni vizuri. Nilikwenda kwa Mounira kumwambia ukweli wote.

"Anaweza kuvuka," nilisema. "Lakini amekaa. Watu watacheka. Na Yakubu atasema haihesabiki."

Mounira alikuwa anakanda unga wa ndazi. Hakuacha kukanda.

"Shemeji, akae, alale, apige magoti. Mimi nimeomba avuke tu."

"Lakini Wagenya..."

"Wagenya ni nyinyi. Mimi ni mutu ya Kasongo. Sisi tunakaa."

Siku zilizobaki tulifanya kazi asubuhi na alasiri. Mimi nilisimama majini, yeye akanijia akisoma, nikaushika mtumbwi ulipofika, nikaugeuza, akaenda tena. Mpaka mwisho hakuwa ananiona hata nikiwa mbele yake.

Siku ya kuanza shule ukingo ulijaa watu. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa ng'ambo, amevaa shati jeupe, anangoja wanafunzi wake. Roger wa pikipiki alikuwa bado. Mounira hakukaa chini. Alikuwa amemvalisha Faridah bluu na nyeupe ya shule, na mkoba wenye nguo za safari ulikuwa umefungwa mlangoni kwake. Kila mtu aliuona alipopita.

Djafari alivuka wa kwanza, amesimama, anapunga mkono kwa watu kama bwana mkubwa. Baba yake alipiga kifua. Sarah-Grâce alivuka akiimba, na kiitikio kilipofika alitikisa kichwa kwa nguvu, mikono ikabaki kwenye kafi. Katekista alilia kidogo.

Kisha Faridah akaingia, akakaa.

"Ee! Amekaa!" mtu alisema.

"Anachoka kabla ya kuanza!" mwingine akasema, na vicheko vikaenda ukingo wote.

Yakubu akashuka mpaka kwenye maji, amekunja suruali asiiloweshe.

"Lukumani! Huyu mutoto iko anakaa. Mutoto yangu alisimama."

"Nimeona."

"Basi na yeye asimame. Ni sheria."

"Sheria inasema avuke. Haisemi kitu juu ya matako."

"Haihesabiki hivi! Nasema mbele ya wazazi wote, haihesabiki!"

Nilimtazama Faridah. Alikuwa ameshika kafi lake fupi na anamtazama Yakubu, na nikaona mabega yanaanza kukakamaa, kama zamani. Nikausukuma mtumbwi wake kwa mguu.

"Soma," nikamwambia. "Ugomvi ni kazi yangu."

Akafumba macho. Akaanza.

Nilimfuata nyuma, nimesimama katika mtumbwi wangu. Sauti ya Yakubu ilibaki nyuma yetu, ikapungua. Mbele kulikuwa na ile sauti nyembamba na mgongo mdogo wa bluu na nyeupe, unakwenda na kurudi. Katikati ya mkono, mahali maji yanapovuta kidogo, mtumbwi ulijaribu kugeuka; aya ikaisha, kafi likahamia upande wa pili, ukanyooka. Vicheko vilikuwa vimekwisha. Mzee mmoja ukingoni alianza kusoma pamoja naye, kisha wengine wawili. Nikajua tumefika.

Isipokuwa hatukufika. Mtumbwi ulipita mbele ya mwalimu, karibu kabisa, mwalimu akainama kuushika akaukosa, na ukaendelea.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sikumfundisha kusimamisha. Kila siku ni mimi niliyeushika.

"Faridah! Acha! Umefika!"

Hakusikia, au alisikia akakataa. Sura haikatwi katikati, hivyo ndivyo walivyomfundisha kwa babu yake, na sura ile ilikuwa bado ndefu. Chini kidogo ya gati aliposimama mwalimu, ukingo uleule wa shule, ndipo wanawake wanapoloweka mihogo. Walikuwa pale, majini mpaka magotini, wameinama. Mtumbwi ukawaingilia kati, ukagonga kikapu, mihogo ikaelea kila upande.

"Weee! Nani huyu?"

Wakasikia anachosoma. Faida, mke wa Yakubu, aliyezaliwa ng'ambo hiyo, aliushika mtumbwi kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ulikuwa bado na muhogo unaochuruzika. Wakasimama hivyo, wote, wakangoja. Na mimi nikangoja. Faridah akamaliza sura yake mpaka neno la mwisho, akapangusa uso kwa viganja viwili, akafumbua macho.

"Nimefika?" aliuliza.

"Umefika, mama," Faida akamwambia, "na umetumwagia bugali ya wiki mzima."

Ng'ambo, sauti ya Yakubu ikarudi. "Haihesabiki! Alikaa! Na amepita!"

Faida akanyoosha mgongo. Ana kifua cha kuita mtu aliye mbali Kabambare bila simu.

"Yakubu!"

Kule vichwa vyote vikageuka.

"Yakubu, wewe ulipokuja kunioa ulivuka hapa. Ulisimama?"

Yakubu akaangalia suruali yake. Watu wote wa umri wetu wanaikumbuka siku ile. Alizaliwa nyuma ya soko la Kasongo, na alivuka akiwa amekaa chini kabisa, ameshika kingo zote mbili, akiomba wasimwage.

"Na tulikuhesabu!" Faida akamalizia.

Nilisikia watu wanavyocheka kule, mpaka na Yakubu mwenyewe, maana alikuwa hana mahali pengine pa kwenda. Akainua mikono miwili juu ya kichwa, kama mtu anayejitoa kwa askari.

"Bon," aliita. "Amevuka. Aende darasani. Lakini umufundishe kusimamisha!"

Kwa hilo alikuwa na haki.

Faridah alishuka, sketi yake inatiririka. Alitaka kuokota mihogo ya watu, wakamfukuza: nenda, nenda, mwalimu anangoja. Akapanda njia ya shule. Djafari alikuwa juu pale, amemngojea, na nilimsikia akimwambia kwamba hata yeye angeweza kupita gati kama angetaka.

Niliporudi upande wetu, Mounira alikuwa bado amesimama mahali nilipomwacha. Nilitegemea vigelegele. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mdomo, basi.

Roger alifika muda huohuo, mwekundu wa vumbi kuanzia kichwani. Tulimpeleka nyumbani kwa Mounira, naye Mounira akampa maji, akampa kiti, akampa ndazi. Roger alikuwa anauliza mtoto yuko wapi, na mkoba ndio ule, wakati simu ilipolia. Reso yetu, mtandao wa simu, si nzuri, kwa hiyo Mounira anaweka sauti ya nje na kuinyanyua simu juu. Tulisikia wote.

"Salaam aleikum, baba."

"Aleikum salaam. Roger amefika?"

"Amefika. Iko anakula."

"Basi mufunge mutoto kitambaa, vumbi ya ile barabara ni kali. Lakini nipe yeye kwanza, nimusemeshe."

Mounira akaangalia ng'ambo. Upepo ulikuwa unaleta sauti za watoto, wanaitikia wote pamoja kitu alichosema mwalimu.

"Baba, hayuko."

"Hayuko namna gani?"

"Iko shule."

Roger akaacha kutafuna. Nilifikiri reso imekatika.

"Alivuka?" Haji aliuliza.

"Alivuka, baba. Alivuka akisoma."

"Akisoma nini?"

Mounira akamtajia sura.

"Yote?"

"Yote. Alikataa kusimamisha mtumbwi kabla haijaisha."

Tukasikia mzee anakohoa. Alikohoa vizuri, mara kadhaa, kama mtu ambaye ameingiwa na kitu kooni katikati ya duka lililojaa wateja.

"Bon," alisema mwishoni. "Roger arudi. Umupe mihogo kidogo, asirudi mikono tupu. Na mutoto anatoka saa ngapi?"

"Saa sita."

"Nitapiga saa sita."

Alipiga saa tano. Mounira alikuwa anakunjua nguo kutoka kwenye mkoba na kuzitundika tena, na nilimwona akiichukua simu bila haraka yoyote, akakaa kwanza chini, akanyoosha miguu.

"Baba, nilikuambia," alisema. "Hayuko. Iko shule."